Karani wa Maua katika Wadi ya Mikaratusi

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya mipaka na madaftari waliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Naamini waliomba kwa adabu tu, bila kutarajia kwamba ningeandika kweli. Ningewaandikia mapema zaidi, lakini baada ya kustaafu nilijiandikisha kusoma shahada ya pili ya historia, katika umri ambao wenzangu huhamia kwenye ng'ombe wao wa maziwa, na huko nyarakani nikakutana na jambo lililonitikisa. Sitagusa vyeo nilivyopewa wala nilivyonyimwa. Vyote viko kwenye faili yangu, na faili yangu ni nyembamba. Nitaeleza wadi moja, Wadi ya Mikaratusi, iliyoishi kwa uchaguzi mmoja wa baraza la wenyeji katika miaka ya hamsini kisha ikafutwa. Mpaka wake niliuchora mimi.

Nilianza kazi nikiwa kijana kutoka Bunyore, mwenye cheti kizuri na viatu vya kuazima. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya mji, karibu na Bazaa, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na hadi leo nikinusa kaniki mpya nakumbuka ramani. Karani mkuu alikuwa Bwana Pereira, Mgoa mwembamba aliyevaa tai hata siku ya joto na kusema Kiswahili cha mjini bila haya yoyote. Asubuhi ya kwanza aliniwekea mezani penseli moja na raba moja.

"Ombima," akasema, "hii penseli ni ya Serikali. Hii raba pia ni ya Serikali. Makosa peke yake ndiyo yako."

Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni mzaha. Sasa nimesoma vitabu vingi kuhusu utumishi wa umma na sijaona ufafanuzi ulio kamili kuliko huo.

Kifaa chetu kikuu kilikuwa mnyororo wa kupimia, mnyororo wa chuma wa viungo mia, uliobebwa ndani ya gunia na kulia kama kengele za mbuzi kila tulipovuka mtaro. Nilifundishwa kuupenda. Mnyororo una tabia moja ambayo vijana wa leo, wenye vifaa vinavyohesabu vyenyewe, hawana budi kuielewa ili wanielewe: haupimi ukiwa umelegea. Lazima uvutwe hadi unyooke kabisa. Mtu akiushika kwa miaka miwili, huanza kuamini kwamba dunia nayo imenyooka.

Aliyeushika upande wa pili alikuwa Mzee Gathogo, mwenyeji wa Dagoretti, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Alikuwa amewashikia mnyororo makarani wengi kabla yangu, na alituhesabu sote kama mtu anavyohesabu misimu ya mvua: ule mzuri, ule mbaya, ule uliochelewa.

Tulitumwa Mikaratusi Hali ya Hatari ikiwa bado haijaondolewa. Wadi hiyo mpya ilikuwa kipande cha mashamba upande wa Mutuini, kati ya kijito na safu ya mikaratusi iliyoipa jina. Tulipanda basi hadi Dagoretti Kona, tukaonyesha vibali vyetu, tukaendelea kwa miguu. Maelekezo ya Bwana Pereira yalitokana na maneno ya wazee wa mahali hapo, naye aliyaandika kama walivyosema: mpaka unatoka kwenye daraja la magogo, unafuata itoka, unafika mikaratusini.

Itoka nilionyeshwa pale darajani. Ni mmea wa majani marefu kama visu, wenye kitunguu ardhini, unaochanua ua jeupe. Wakikuyu walikuwa wakiupanda mpakani mbele ya mashahidi, na aliyeung'oa alijiletea laana nzito. Niliuchora kitabuni, nikaandika vipimo vya majani yake, jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Kule mikaratusini niliona kichaka kingine cha itoka. Basi nikawa na mwanzo na mwisho, na mnyororo mkononi.

Katikati palikuwa na boma la mjane mmoja, Tabitha Wangeci, ambaye watu walimwita Mama Nyokabi kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuza sukumawiki na dania na kuzipeleka kwenye nyumba za upande wa Ngong Road. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na maua meupe, yamepaliliwa vizuri, yamepinda kama upinde. Nikasema moyoni: huyu mama ni msafi, amejipandia bustani, kama wake wa wachungaji kule kwetu.

Mzee Gathogo alisimama. "Karani, hapa mstari unapinda."

"Mzee, mstari haupindi," nikamjibu. "Ukipinda si mstari. Vuta."

Akaniangalia, akaangalia maua, akanusa ugoro wake bila haraka.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Akavuta. Mnyororo ukanyooka ukiwa umepita mlango wa mbele wa nyumba ya Mama Nyokabi na kutokea dirisha la nyuma. Kwa usahihi nilioupigania, niliandika kwamba kitanda cha mwenye nyumba kiko ndani ya wadi na mafiga yake yako nje.

Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amesimama kando na kikapu, akitazama chuma cha Serikali kikipita juu ya sufuria yake.

"Karani, hiyo unafunga nyumba yangu ama unaipima?"

"Naipima, Mama."

"Haya. Ukimaliza, pima na supu, iko karibu kuiva."

Nililichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Kanuni ilisema kwamba atakayeandikwa kwenye daftari la wapiga kura ni mwenye boma anayeishi ndani ya wadi. Je, mtu anaishi anapolala au anapopika? Akilala kwa saa nane na kushinda jikoni kwa saa sita, kitanda kinashinda. Lakini usingizi ni kuishi, au ni kutokuwapo kwa muda? Niliandika kurasa mbili na nusu na kuzipeleka kwa Bwana Pereira. Alizisoma zote. Alikuwa mtu wa haki.

"Ombima, mimi natuma wewe kupima wadi. Kwa nini unaleta mimi kitanda ya mjane?"

"Bwana, ni suala la tafsiri."

"Suala ya tafsiri nenda uliza yeye. Halafu rudi na jibu moja. Moja, Ombima. Si kurasa."

Nikarudi. Mama Nyokabi alinipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono kwenye leso.

"Mimi nalala pale, napika hapa," akasema. "Sasa nyinyi Serikali mnataka niamke wapi?"

Kisha akaacha mzaha. Tangu mumewe afariki, alisema, shemeji yake alikuwa akiwaambia watu kwamba mjane hana boma, ana hifadhi tu. Na kila karatasi iliyopita pale ilimwandika chini ya jina la huyo shemeji, kama mzigo juu ya baiskeli ya mtu. Mwalimu mmoja aliyegombea kiti cha wadi alimpendeza, kwa kuwa aliahidi kusukuma habari ya daraja jipya. Lakini daraja halikuwa jambo kubwa kwake.

"Nataka jina langu liandikwe peke yake kwa daftari. Tabitha Wangeci, mwenye boma. Hata kama huyo mwalimu atashindwa, shauri yake. Mimi nitakuwa nimeandikwa. Umenielewa, karani?"

Nilimwelewa vizuri mno, na hapo ndipo penye hatari kwa mtu wa aina yangu. Nikimwandika bila uhakika, niliwaza, shemeji atapinga, jina litafutwa mbele za watu, na aibu itakuwa kubwa kuliko ya kutoandikwa. Kwa hiyo sikumwandika. Wala sikumwacha. Nilibuni ukurasa wa tatu wa daftari, ambao haukuwahi kuwapo kabla yangu, nikauita Orodha ya Wanaosubiri Uchunguzi, na orodha yote ilikuwa na jina moja.

Mtauliza kwa nini hakupelekwa wadi ya jirani. Huko mgombea alikuwa mmoja, amepita bila kupingwa, na palipokosekana upinzani hapakuandaliwa daftari wala kura. Kumpeleka huko kungekuwa kumwandika kwenye hewa.

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea na kuhesabiwa vichwa, utaratibu ambao wenzangu wa leo wanaukumbuka kwa mambo ya baadaye ambayo si kazi yangu kuyaeleza. Kibali cha mkusanyiko kilikuwa cha kuanzia saa tatu hadi saa sita. Saa sita lango lingefungwa, aliye nje abaki nje. Mimi nilikaa langoni na daftari, nikiita majina. Bwana Pereira alikaa chini ya turubai na tai yake, akiangalia saa.

Mama Nyokabi alifika saa nne na nusu, amefua gauni na kufunga kitambaa cheupe. Nyuma yake alikuwa shemeji yake, aliyekuwa ameshaitwa na alikuwa amerudi langoni kutazama.

"Jina?" nikauliza, ingawa nililijua.

"Unalijua."

"Mama, liko kwenye orodha ya uchunguzi."

"Uchunguzi umefika wapi?"

Uchunguzi ulikuwa mimi, nami sikuwa nimefika popote. Shemeji akacheka kwa sauti ili wengine wasikie. "Si niliwaambia? Huyu hana boma. Hata Serikali imeshindwa kuliona."

"Serikali imeliona," Mama Nyokabi akasema. "Ilipitisha mnyororo kwa dirisha."

Watu wakaangua kicheko. Ndipo Mzee Gathogo, aliyekuwa ameketi ukutani na gunia lake, akainuka na kusema kwa upole wa mtu anayemsaidia ng'ombe kutoka mtaroni: "Karani, wewe uliandika mpaka unafuata nini?"

"Itoka, Mzee."

"Uliifuata?"

"Niliiona darajani na niliiona mikaratusini."

"Na katikati?"

"Katikati hapakuwa na itoka. Palikuwa na bustani ya maua ya Mama."

Nimesimama mbele ya watahini watatu wa chuo kikuu tangu siku ile, na sijapata kujibu kwa uhakika kama ule. Kisha mtu mmoja kwenye mstari wa mwalimu akapiga kelele, "Bustani!" na uwanja mzima ukapasuka.

"Karani wa maua!"

"Huko kwao hawana mipaka?"

"Wanayo! Wanaitia kwa chungu, wanaipeleka kanisani!"

Mama Nyokabi hakucheka. Alinishika kiwiko, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke kumfanyia karani. "Twende," akasema. "Ukaone bustani yangu."

Nilimwachia karani mwenzangu daftari, tukaenda, yeye, mimi na Mzee Gathogo, na kundi la watu wasio na kazi. Nyumbani kwake akanionyesha mmea mmoja mmoja, kutoka upande wa daraja, kupanda mteremko, kuzunguka nyuma ya nyumba, choo na banda la kuku, hadi mikaratusini. Majani kama visu, kitunguu ardhini. Vipimo vyake vilikuwa kitabuni mwangu. Itoka hiyo ilipandwa kabla nyumba haijajengwa, akasema, na nyumba ilijengwa ndani ya upinde wake kwa sababu hakuna mtu timamu anayejenga juu ya mpaka. Boma lote lilikuwa ndani ya wadi: kitanda, mafiga, kuku na supu.

"Mbona hukuniambia siku ile?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umevaa tai," akasema. "Nikadhani unajua."

Kwetu Bunyore mpaka hupandwa mti wa lusiola. Nimecheza chini ya lusiola za babu yangu na kuchapwa kwa kukata tawi. Kama mtu angepita kwetu na kusema, "Mmejipandia kivuli kizuri," ningemcheka hadi nianguke. Nililifikiria jambo hilo tukirudi mbio shuleni, na huenda kulifikiria kulinipunguzia mwendo.

Ilibaki kama robo saa lango lifungwe. Nilimweleza Bwana Pereira. Alisikiliza akitazama saa.

"Daftari siku ya kura haiguswi," akasema. "Kanuni."

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini kanuni inasema karani anaweza kutia karatasi ya kusahihisha mpaka. Mpaka ikisahihishwa, mwenye boma anaingia. Karatasi iko hapa. Andika jina yake, andika kosa, tia sahihi, soma mbele ya watu."

Nikaketi. Nilianza: Kutokana na ufanano wa kimaumbile kati ya mimea ya mpakani na ile ya mapambo. Nikakata. Nilianza tena: Ilibainika baada ya ukaguzi wa ziada. Nikakata, kwa kuwa "ilibainika" inaficha aliyekosa. Nilikuwa nikipima sentensi ya tatu wakati askari wa langoni aliposhika komeo, na Mama Nyokabi akainama juu ya bega langu. Hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu mistari iliyokatwa.

"Karani, si ulikosea?"

"Nilikosea, Mama."

"Basi andika hiyo."

Nikaandika: Tabitha Wangeci, mwenye boma, yumo ndani ya wadi. Nilikosea. Nikatia sahihi. Nikasimama nikasoma, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini jina lilisikika hadi ukutani. Mama Nyokabi akaniomba nilisome mara ya pili. Nikalisoma. Shemeji alitazama viatu vyake. Mama akapita langoni, polepole kuliko ilivyohitajika, komeo likiwa limeinuliwa kumngojea, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa mwalimu. Mwalimu alishindwa kwa vichwa vingi. Daraja halikujengwa.

Tangu siku hiyo niliitwa Karani wa Maua kutoka Mutuini hadi Adams Arcade. Mpishi mmoja nisiyemjua aliwahi kuniuliza mbele ya maduka pale kama ninauza au ninapima tu. Bwana Pereira hakuniita hivyo hata mara moja. Alikuwa akiweka ua la karatasi kwenye kikombe cha penseli zangu kila ilipofika siku ya kukagua ramani, na alipostaafu akaniachia kikombe.

Sasa nifike kwenye lililonitikisa. Tasnifu yangu ya shahada ya pili inahusu wadi zilizofutwa upande wa magharibi wa mji. Nilipofungua faili ya Mikaratusi kwenye chumba cha nyaraka, nilitarajia, kwa majivuno kidogo, kuiona ile karatasi. Haikuwamo. Ramani iliyomo ni ile yangu ya kwanza, mstari umenyooka kama mnyororo. Daftari limo, na jina la Tabitha Wangeci liko kwenye ule ukurasa wa tatu tu, likisubiri uchunguzi. Wasomi wawili walionitangulia wameinakili ramani hiyo kama ilivyo. Nilikaa pale nikijiuliza ni nani aliyeiondoa karatasi, na nilikuwa nimeshaanza kuandaa dhana tatu nilipokumbuka.

Hakuna aliyeiondoa. Sikuwahi kuitia kwenye faili. Jioni ile ya uchaguzi niliichukua ili niiandike upya kwa mwandiko safi, na maelezo kamili, yanayostahili faili ya kudumu. Maelezo hayakunitosheleza. Kabla hayajanitosheleza wadi ilifutwa, faili ikafungwa, nami nikapewa kazi nyingine. Niliikuta nyumbani kwenye sanduku la bati, imekunjwa pamoja na rasimu kumi na moja.

Nilimpelekea Nyokabi, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, na amejenga nyumba za kupangisha mahali palipokuwa na sukumawiki. Mama yake alifariki zamani. Nilimweleza yote kwa utaratibu. Alishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Kwa hivyo kwa Serikali, mama yangu hakuwa na boma?"

"Kwenye faili, hayumo kati ya wenye maboma."

"Na alikuwa akituambia kila Krismasi. Ati jina lake lilisomwa mara mbili." Akazitazama zile rasimu. "Hizi zingine ni nini?"

"Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kuiandika."

"Miaka hii yote, mzee? Ulikuwa unatafuta sentensi?"

Akacheka, na kilikuwa kicheko ambacho mama yake hakunicheka siku ile shuleni, kana kwamba alikiweka akiba. Kisha akafuta macho na kuniuliza kama nitakunywa chai.

Binti wa chumba cha nyaraka, mwenye adabu na msimamo, ameniambia faili iliyofungwa haiongezwi kitu. Karatasi yangu itapokelewa, lakini kama hati za mtu binafsi, kwenye sanduku lingine, chumba kingine. Nimempa. Ana kanuni zake, na ningefanya vilevile. Ila anayefungua faili hatajua kwamba kuna sanduku.

Kwa hiyo ninyi mnaobaki kwenye meza zile, mkiitwa kutafuta mpaka wa Wadi ya Mikaratusi, msiuamini mstari wangu. Mwulizeni anayeshika upande wa pili wa mnyororo, au chochote kilichochukua nafasi yake. Nilianza kuandika hapa aya ya kuhitimisha, yenye mafunzo manne, nikaikata. Raba ilikuwa ya Serikali, nami nimeshairudisha.

Tabitha Wangeci, mwenye boma, yumo ndani ya wadi. Nilikosea.

E. Ombima, karani.